Gari la Nusu Mbili

"Usimpe mkono!"

Hapo ndipo nilipowaacha Jumapili iliyopita, na habari ninazo za walionitukana mpaka Jumatatu. Haya, twendeni sokoni mbio, maana huko hasira zimeshapanda.

Mkono wa Sanobar ulikuwa hewani. Mamasoli dalali alikuwa ameushika kwa nguvu kama mtu aliyeshika kuku asimtoroke, anauvuta kuuelekeza kwenye kiganja cha Turgun, mwenye gari. "Baraka!" alikuwa akipiga kelele. "Semeni baraka, watu wakanywe chai!" Na katika soko la magari la Kokand, viganja vikikutana na neno hilo likatamkwa, basi tena. Hata ukigundua baadaye kwamba umeuziwa banda la kuku lenye magurudumu, utalisukuma hadi kwako.

Sauti ilitoka nyuma ya umati. Sanobar aliijua kabla hajageuka, na damu ikamchemka.

Mama mkwe wake!

"Hata hapa, mama?" alifoka. "Hata hapa umenifuata?"

Bi Hojar alikuja akipasua watu kwa viwiko. Mwanamke yule asiyevuka kizingiti bila koti lake la mahameli, leo alikuwa na kandambili za uani, mtandio umekaa upande, mikono bado ina unga. Alikuwa anahema.

"Shusha mkono huo," alisema.

"Sishushi! Ulisema mjane akishika usukani ameivua nguo familia. Ukasema, ukarudia, mtaa mzima ukasikia. Sasa umekuja kunitangaza na hapa?"

"Mkwe wangu, shusha mkono."

"Sababu?"

Bi Hojar alitazama kushoto, akatazama kulia, kana kwamba anamtafuta mtu na hataki kumwona.

Nanyi mnajua Sanobar alikuwa amebanwa vipi. Tangu mumewe Nemat afe kwenye mlima wa Kamchik, njiani kwenda Tashkent, alikuwa anakula kwa kazi moja tu: kuchukua mikate matanurini alfajiri na kuifikisha madukani na kwenye migahawa ya chai. Gari alilokuwa akikodi, mwenye mali amelichukua. Naye Fundi Ergash, mkubwa wa waokaji, hakumung'unya maneno: kesho alfajiri gari lisiposimama mbele ya tanuri lake, kazi anapewa mtu mwingine ambaye ameshaiomba. Mtu gani, hakusema. Na soko lile hufungwa adhuhuri, na jua lilikuwa limeshafika utosini.

"Mama yangu," Turgun aliingilia, anatabasamu kwa meno yote, "mambo ya jikoni malizeni jikoni. Hapa tunauza gari."

"Wewe nyamaza, mwizi!"

Umati ukaguna. Turgun tabasamu likamtoka.

"Mimi mwizi? Mimi? Muulize mkweo kama hakuniapisha!"

Ni kweli, alimwapisha. Tangu asubuhi Sanobar alikuwa amekagua magari hadi miguu ikafa ganzi. Moja alilikuta boneti lake lina moto kabla halijawashwa mbele yake, akajua mwenye gari ameipasha injini isikohoe. La pili mtungi wake wa gesi ya kuendeshea umepakwa rangi mbichi hadi kwenye mhuri wa ukaguzi, na mtu anayepaka rangi mhuri ana lake jambo. Hili la Turgun ndilo pekee lililosimama. Ni Damas nyeupe, kigari kile kile cha mizigo kinachobeba bonde zima la Fergana mgongoni. Sanobar aliipitisha sumaku yake iliyofungwa kitambaa ubavuni kote, nayo iling'ata kila mahali, hakuna palipozibwa kwa lipu. Halafu akatoa mkate kwenye mfuko wake, mkate wa tanuri, akamwambia Turgun auguse na aape.

Bonde lile mtu atakuapia kwa kaburi la baba yake kisha akuibie kabla ya chakula cha mchana. Lakini akigusa mkate akasema "mkate unipige," huyo mwamini. Turgun aligusa. Alisema, "Mkate unipige kama nimewahi kuligonga gari hili." Sanobar akaridhika.

Hapo, wasomaji wangu, ndipo alipokosea. Aliusikia mkate, hakuyasikia maneno.

"Fungua nyuma," Bi Hojar alimwamuru Turgun.

"Sifungui."

"Utafungua, au nitafungua kwa jiwe!"

Mtu mmoja kwenye umati akacheka. Mwingine akasema, "Fungua bwana, kama huna cha kuficha." Mamasoli dalali, ambaye pua yake ilikuwa imeshanusa harufu ya shari, akauachia mkono wa Sanobar polepole.

Turgun akafungua.

Bi Hojar hakuangalia injini, hakuangalia magurudumu. Alipanda ndani ya sehemu ya mizigo na kandambili zake, akapiga magoti, akaushika mkeka wa mpira uliotandikwa sakafuni na kuuvuta. Haukutoka. Umegundishwa. Akauvuta kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka, mpira ukachanika.

"Mama, unaharibu mali ya watu!" Sanobar alisema, hasira na aibu zinamsonga. "Basi! Utanilipisha!"

"Njoo uone."

"Sitaki kuona kitu!"

"Sanobar. Njoo uone."

Miaka yote ile Bi Hojar alikuwa akimwita "wewe" na "huyo," na akifurahi sana, "mkwe." Kusikia jina lake kinywani mwa mwanamke yule kulimtisha kuliko matusi. Akapanda.

Chini ya mkeka, sakafu ilikuwa imepakwa rangi nyeupe sawa na gari zima. Lakini katikati palikuwa na kiraka. Bati la duara limepigiliwa misumari ya kubana pembeni, na chini ya rangi, ukipitisha kidole, unasikia maua. Mawaridi. Na ukingo wa bati umepinda kama ukingo wa sinia.

Kwa sababu lilikuwa ni sinia.

Sanobar alikaa chini palepale.

Nemat, mumewe, sakafu ya gari lake ilipooza kwa kutu, aliziba tundu kwa sinia la chai la mama yake. Sinia la maharusi! Bi Hojar alimnunia mwezi mzima. Nyumba nzima ilicheka. Na gari lile liliviringika Kamchik likiwa na nyanya tele na Nemat akiwa ndani yake.

"Toba," Sanobar alinong'ona. "Hili ni gari la Nemat."

"Nusu," alisema Bi Hojar. "Mbele kuliisha. Hii ni nusu ya nyuma."

Sanobar akauchana mkeka uliobaki kwa kucha zake. Nyuma tu ya viti, kutoka ubavu hadi ubavu, ulipita mstari wa kuchomelea, umesagwa vizuri, umepakwa rangi, umelazwa chini ya mpira. Ndiyo maana sumaku haikusema kitu. Chuma kilikuwa chuma kweli. Ila kilikuwa chuma cha magari mawili, na siku limebeba mzigo, likaingia shimo moja la maana, mbele kungekwenda Tashkent na nyuma kungebaki Kokand.

Nawaambieni ukweli, mimi ninayesimulia nilitamani kumshika Turgun koo. Sanobar alinitangulia. Alishuka kwenye gari kwa kuruka, mkate mkononi.

"Gusa!"

"Nimeshagusa."

"Gusa tena! Sema hili ni gari moja. Sema, 'Mkate unipige kama hili si gari moja.' Sema!"

Hata aliyekuwa anapima honi upande wa pili aliacha.

Turgun aliutazama ule mkate. Mtu huyu alikuwa ameziba, amepaka, amesaga, amesema uongo tangu alfajiri bila kope kucheza. Sasa jasho lilimshuka shingoni. Mikono yake ikajiendea yenyewe nyuma ya mgongo.

"Siugusi," alisema.

"Kwa nini?"

"Nina watoto, dada. Mkate siugusi."

Umati ukalipuka. Mtu alimvua kofia, mwingine akamtemea karibu na viatu. Mamasoli alikuwa wa kwanza kupaza sauti kuliko wote, kama ilivyo desturi ya madalali. "Mimi sikujua! Mnisikie wote! Mimi mikono yangu misafi!"

"Nani alikuletea nusu hii?" Sanobar aliuliza. "Shemeji yangu aliliuza gari hili kwa wayeyusha chuma. Alituapia hivyo. Nani alikuletea?"

Turgun akaangalia chini. "Mama huyu anamjua. Muulize yeye."

Sanobar akageuka. Bi Hojar alikuwa ameketi ukingoni mwa gari, miguu inaning'inia, mikono ile ya unga imelala mapajani. Hakushtuka. Hicho ndicho kilichomuumiza Sanobar. Mama yule hakushtuka hata kidogo.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua leo. Nilikuwa nakanda unga, nikamsikia uani anaongea na simu. Anacheka. Anasema, 'Leo shemeji atanunua kaburi la mumewe mwenyewe.' Nimekuja kwa miguu, nikakutafuta gari kwa gari."

"Nani?"

Bi Hojar akalitaja jina kama mtu anayejitoa jino. "Qudrat."

Qudrat! Ndugu yake Nemat, mtoto wa mwisho wa Bi Hojar. Ndiye aliyekuja naye hapa leo! Aliyesema mwanamke peke yake sokoni ataliwa mzimamzima, acha nikusindikize shemeji. Ndiye ambaye, magari yale mengine yaliposhindwa, alimfikisha mbele ya gari la Turgun, akalisifia, kisha akasema njaa inamuuma, anaenda kutafuta sambusa.

Na kumbe huyo anakuja, anafuta mafuta midomoni.

"Vipi, mmeshasema baraka?" aliuliza kwa furaha. Akamwona mama yake. "Mama? Umefuata nini huku na kandambili?"

"Nimefuata sinia langu," alisema Bi Hojar.

Qudrat akaona mkeka uliochanika. Moyo ulimruka, lakini uso wa mtu yule ulikuwa umekaushwa vizuri. "Sinia gani tena?"

"Ulimletea Turgun gari la kaka yako," Sanobar alisema. "Ukaniletea mimi nilinunue."

"Mimi? Gari hili ndiyo nalitia machoni leo."

"Wewe!" Turgun aliruka. "Hukulileta kwa trekta? Hatukulipakua pamoja, wewe ukashika upande wa mlango?"

"Mwehu huyu."

"Basi apa," alisema Sanobar, akamnyooshea mkate.

Hapa naomba mvute pumzi. Qudrat alicheka. Aliupokea mkate kwa mkono mmoja, mkono wa kushoto, akasema kwa sauti ya kusikika hadi getini, "Mkate unipige kama nimewahi kuliona gari hili kabla ya leo." Halafu akamega kipande, akakitia mdomoni, akatafuna mbele ya watu wote.

"Mkate ni unga na maji," alisema. "Mmeridhika?"

Mzee mmoja muuza betri alisogea nyuma, kisha jirani yake naye, hadi Qudrat akabaki amesimama peke yake kwenye duara tupu. Hata Turgun tapeli alimtazama kama anatazama kitu kilichotapikwa.

"Mwanangu," alisema Bi Hojar taratibu, "nilikuzaa mimi?"

"Acha maigizo, mama." Sasa Qudrat alikasirika, na mwenye hasira hana lango mdomoni. "Nyote mnanitolea macho kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya huyu? Mjane wa kubeba mikate! Hata akipata gari jingine saa hizi, amechelewa. Fundi Ergash nimeshazungumza naye. Kesho alfajiri ni gari langu litakalosimama pale."

Ala! Kumbe mtu mwingine aliyeiomba kazi ndiye huyu.

Sanobar alimpa Mamasoli mkate amshikie, maana mkate hautupwi, akapiga hatua mbili, akamzaba Qudrat kofi. Lilisikika hadi kwa wauza matairi.

Qudrat aliinua ngumi. Haikushuka, kwa kuwa katikati yao alikuwa amesimama kikongwe mwenye kandambili.

"Mpige," alisema Bi Hojar. "Anzia kwangu."

Ngumi ikabaki juu, kisha ikashuka yenyewe.

"Sasa nipe funguo."

"Funguo gani?"

"Za Damas yako. Ile uliyoiegesha getini."

"Ni yangu!"

"Ni yako?" Bi Hojar akawageukia watu. "Mkewe alipomkimbia, huyu alikuja usiku ananilamba miguu. Mama, niandikie gari kwa jina lako, mwanamke yule asije akadai nusu. Nikaandika. Mimi Hojar, nisiyejua hata kuwasha, ndiye mwenye gari. Nimwite askari wa getini aje atusomee?"

Kicheko kilichopigwa hapo, jamani! Watu waliinama wakajishika matumbo. Muuza betri akasema, "Amejichimbia mwenyewe, na sasa apewe koleo!" Qudrat alibadilika rangi, akawa mwekundu, akawa mweupe. Akatoa funguo mfukoni. Hakumpa mama yake. Alizitupa vumbini, miguuni pa Sanobar.

"Chukua! Lakini kabla hujapanda, muulize huyu mama yako mpya kitu kimoja. Muulize nani alimtoa Nemat nyumbani siku ile na breki mbovu."

Kicheko kikakatika.

"Nyamaza, Qudrat," alisema Bi Hojar.

"Nilikuwepo uani! Muulize!"

Sanobar alikuwa ameinama kuokota funguo. Akanyanyuka nazo, polepole. "Mama?"

Bi Hojar alitikisa kichwa, kama anakataa. Kisha akaacha kukataa.

"Asubuhi ile aliniambia, 'Mama, breki zinazama, niache leo nizitengeneze.' Nyanya zilikuwa zimejaa uani, zimeanza kutoa maji. Nikamwambia, 'Mwanamume mzima unaogopa mlima? Ndugu yako angekuwa ameshafika na kurudi.' Akaondoka amekasirika. Hakuniaga."

"Lakini wewe..." Sanobar alimsogelea. "Wewe ulisimama msibani mbele ya watu wote! Ulisema ni mimi! Ulisema tamaa ya mkewe ndiyo iliyompandisha mlimani! Wanawake walinigeuzia mgongo, na mimi nimevaa nguo za matanga! Watoto wangu waliambiwa shuleni mama yenu kamuua baba yenu!"

"Ndiyo."

"Ndiyo? Ndiyo tu?"

"Nilikuwa siwezi kulibeba. Nikakubebesha wewe."

Basi hakuna tusi ambalo Sanobar hakulifikiria, na mimi siyaandiki, gazeti hili linasomwa na watoto. Alimtazama mwanamke yule aliyekuja na kandambili kumwokoa, na akamchukia kuliko alivyomchukia Qudrat, maana Qudrat hakuwahi kumwomba ampende.

Akageuka, akaenda getini. Umati ukampisha.

Damas ya Qudrat ilikuwa pale. Hata katika hasira ile, mwanamke wa kazi ni mwanamke wa kazi: alifungua nyuma, akainua mkeka, akaona sakafu ni moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Akachungulia mhuri wa mtungi wa gesi. Akaingia, akawasha, akasikiliza. Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Ziligota chini ya mguu wake, ngumu, nzima. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na aliyafuta kwa ghadhabu kwa mkono wa koti.

Ng'ambo ya barabara, Qudrat alikuwa anabishana na dereva wa teksi. "Kwa Fundi Ergash!" sauti yake ilisikika. "Haraka! Nikamwambie gari langu limeibwa!"

Kivuli kikaangukia dirisha la upande wa pili. Bi Hojar alikuwa amesimama pale, mkono mmoja kwenye kitasa.

"Nifungulie," alisema.

"Ondoka."

"Gari lina jina langu. Nisiposimama mimi mbele ya Ergash, ataamini la Qudrat, na kesho mkate utapakiwa na yeye. Unajua."

"Ondoka mlangoni, mama!"

"Nichukie. Ni haki yako, nichukie hadi nife. Lakini nichukie huku unaendesha, Sanobar. Teksi ile inaondoka."

Kweli ilikuwa inaondoka. Mlango wa teksi ulibamizwa, vumbi likatimka.

Sanobar alikanyaga klachi. Akatia gia. Kitasa cha upande wa pili kilikuwa kinatikiswa na mkono wa mama aliyemchafulia jina msibani, na komeo la mlango ule lilikuwa karibu na kidole chake. Alilitazama komeo, akaitazama barabara, na teksi ya Qudrat ikakata kona ya kuelekea matanurini.